Ni Mkono wa Nani Ulioandika USIITIKE?

Pita vichochoro vya Mombasa ukisoma kuta, kuanzia Kibokoni hadi Bondeni, utaona mji huu unavyokataza. USIKOJOE HAPA. USITUPE TAKA. NYUMBA HII HAIUZWI. Hayo hayakuandikwa na fundi wa mabango. Kayaandika mwenye nyumba, kwa brashi iliyobaki baada ya kupaka mlango na kwa rangi iliyobaki vilevile, mara nyingi nyekundu. Herufi za mwanzo huwa kubwa na zimesimama. Zikikaribia mwisho wa mstari nafasi imekwisha, zinabanana, zinapanda juu, na ya mwisho inajipenyeza kando ya dirisha. Mpita njia akisoma onyo la namna hiyo anaelewa mawili papo hapo: kuna jambo lilitokea hapa, na kuna mtu yalimfika kooni akashika brashi.

Mimi naishi kwa herufi. Kadi za harusi, majina ya maduka, maandishi ya ubavuni mwa matatu, na siku hizi zaidi mabango ya kuchapisha kwa mashine. Kazi ninayotaka kuieleza hapa haikuwa na pesa nyingi, lakini ndiyo niliyoifikiria kuliko zote nilizowahi kupewa: jina la filamu fupi ya kutisha iliyotengenezwa na wanafunzi wa hapa hapa mjini. Filamu yenyewe inaitwa *Usiitike*.

Aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Mchana mtoto hufunzwa kuitika upesi. Mkubwa akikuita, "Labeka!" inakutoka kabla hujajua unaitiwa nini, na ukichelewa utaambiwa huna adabu. Usiku mafunzo yanageuka. Ukisikia jina lako linaitwa huko nje na hujui ni nani anayeita, nyamaza. Mwelekezi wa filamu, binti wa Kisauni, aliijenga hadithi yake hapo hapo pembamba, kati ya mafunzo ya mchana na ya usiku. Msichana kalelewa na nyanyake katika nyumba ya ghorofa Mji wa Kale. Nyanya kafariki. Stima imepotea, na kutoka chini ya ngazi sauti ya marehemu inamwita kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Filamu nzima ni msichana huyo akishindana na malezi yake mwenyewe, mdomo umeshafunguka na neno liko ulimini.

Alipokuja kwangu jina lilikuwa tayari kwenye simu yake. Alipakua fonti ya bure, nyekundu juu ya weusi, kila herufi inachuruzika damu.

"Ami, nimeipenda hii. Yatisha, ama?"

"Yatangaza kutisha, mwanangu. Kutisha kwenyewe bado."

Alinyamaza, halafu akaniambia nimweleze, na nilifurahi kwamba alitaka kuelezwa. Katika filamu yake hakuna tone la damu. Hakuna kisu, hakuna anayekatwa, kuna sauti na ngazi na giza. Mtazamaji akionyeshwa damu kwenye jina atakaa akisubiri damu, na dakika zote zile za ukimya ambazo binti huyu amezitengeneza kwa makini zitamfikia kama ucheleweshaji. Jina la filamu ni ahadi ya kwanza inayotolewa ukumbini. Ukiahidi kitu usichonacho, umejiharibia kazi kabla mwigizaji hajafungua mlango.

Kuna na sababu ya kiufundi, nayo inafaa kujulikana na kila mwanafunzi anayepakia kazi yake mtandaoni. Video nyingi tunazopiga na kuzituma huhifadhi kiasi cha mwanga kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, peke yake, lakini rangi haihifadhiwi hivyo: kila pikseli 4, mbili kwa mbili, hugawana rangi moja. Kwa uso wa mtu au ukuta hutaona tofauti. Kwa herufi nyekundu juu ya weusi utaona, kwa sababu nyekundu kali kabisa ina takriban asilimia 21 tu ya mwanga wa nyeupe. Mpaka wa herufi hapo hauna mwanga wa kutosha wa kuushikilia. Unashikiliwa na rangi, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Kingo zinakuwa ngazi ngazi, matone ya damu yanageuka vibonge. Kwenye kompyuta ya mhariri lilikuwa jina safi, na likifika kwenye simu ya rafiki yake kupitia WhatsApp ni uji mwekundu.

Halafu leseni. Fonti nyingi za namna hiyo ni za bure kwa matumizi ya binafsi tu, na filamu unayoipeleka kwenye tamasha imekwisha kutoka katika matumizi ya binafsi. Karatasi ya masharti huwa imo ndani ya faili ile ile uliyoipakua. Isomwe.

Basi tuanzie wapi? Nina swali moja ninalolitumia kwa kazi yoyote ya herufi inayotakiwa kubeba hisia: nani ameandika hivi? Namaanisha mtu wa ndani ya hadithi, mwenye mkono, mwenye chombo fulani, akiwa katika hali fulani. Mbuni akikosa jibu la swali hilo ataangukia kwenye mapambo. Akilipata, nusu ya maamuzi yanajifanya yenyewe, kwa kuwa mtu huyo ana brashi fulani na si nyingine, ana rangi fulani, na ukuta wake uko wa aina fulani.

Walioifanya kazi hii vizuri kabla yetu walilijua swali hilo. Katika *The Cabinet of Dr. Caligari*, filamu bubu ya Kijerumani ya 1920, kuna mahali ambapo amri inayomwandama daktari inajitokeza kwa maandishi hewani, ukutani na kwenye miti, yakimzunguka. Maandishi yametoka kwenye kadi za maelezo yakaingia katika dunia ya filamu, na kwa kuwa daktari mwenyewe anayaona, mtazamaji hana pa kuyakimbilia. Mwaka wa 1995 mbuni Kyle Cooper alitengeneza majina ya mwanzo ya *Se7en*, filamu ya kumsaka muuaji, kwa kukwaruza herufi kwa mkono, zikatetemeka na kurukaruka, huku tukionyeshwa vidole vya mtu akishughulika na madaftari yake. Hatujamwona sura, lakini tumeuona mwandiko, na majina ya waigizaji yanakaa kana kwamba ni yeye aliyeyakwaruza. Pale herufi zinatisha kwa sababu zina mwenyewe.

Kwa *Usiitike* mwenyewe angekuwa nani?

Wazo la kwanza la mwelekezi lilikuwa leso. Nyanya wa kwenye filamu hujifunga leso, na leso ina jina lake pale chini, juu ya pindo, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Tukaenda Biashara Street tukaangalia. Wazo lilikuwa zuri na nililipenda kwa muda. Lakini tulipotandaza leso kadhaa mezani, Mali ya Abdulla na nyingine, tuliona kitu kimoja kwa zote: herufi zake zimetulia, zimepangwa sawasawa katikati ya mraba wao, zimepigwa chapa kiwandani. Leso husema maneno makali, watu wamekosana majumbani kwa sababu ya jina la leso, ila ukali huo uko kwa anayeivaa na anayevaliwa. Mkono ulioandika haupo. Na sisi tulikuwa tunautafuta mkono.

Wazo la pili lilitoka kwa mwenzake wa darasani: tuandike Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama maandishi ya hirizi. Hilo nililikataa moja kwa moja, na nitalikataa tena kesho. Kwa karne nyingi hizo ndizo zilizokuwa herufi za Kiswahili. Mwana Kupona alipomuusia bintiye mwaka wa 1858, wasia ule uliandikwa kwa herufi hizo. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa hii hii yalihifadhiwa kwa herufi hizo. Wazee wetu wameandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaosha kwa marashi, wakampa mgonjwa anywe ili apone. Kuzichukua herufi za dua, za barua, za wasia wa mama, ukazipaka giza na kuziwekea muziki wa kutisha, ni kumfundisha mtoto wa pwani aogope mwandiko wa babu zake. Filamu za wageni zimeshafanya hivyo za kutosha. Yule kijana alinisikiliza, akasema hakuwa amelifikiria hivyo, na tukaendelea.

Kuta zikabaki. Nilimwambia mwelekezi alitamke jina la filamu yake polepole, kisha alitamke lile onyo la kukojoa. Muundo ni ule ule, sauti ni ile ile ya mwenye nyumba anayekataza. Hapo akaona mwenyewe. Nyanya, akiwa hai, aliwahi kuitwa usiku. Aliandika onyo kwenye ukuta wa ngazi ili mjukuu wake alikute. Jina la filamu lingekuwa kitu kilichomo ndani ya nyumba, na msichana angekifikia akiwa na tochi ya simu mkononi.

Kabla ya kugusa brashi tulikwenda Fort Jesus. Ndani ya makumbusho kuna kipande cha ukuta kilichochorwa na Wareno waliokaa ngomeni karne ya 17: meli, watu, vitu walivyovijua, kwa mkaa na udongo mwekundu juu ya lipu ya chokaa. Hao hawakuwa wachoraji wa kazi. Walikuwa na ukuta mweupe na muda mwingi. Nilisimama pale nikiangalia jinsi mkaa unavyokaa kwenye chokaa. Haufuniki. Unashika vinundu na kuruka mashimo, kwa hiyo mstari mmoja una weusi na weupe ndani yake, na ukuta unaonekana kupitia kwenye mchoro. Hiyo ndiyo hali niliyoitaka, herufi iliyo mali ya ukuta, isiyoelea juu yake. Fonti ya kompyuta iliyobandikwa juu ya picha ya ukuta huelea hata uifanyie nini.

Sasa herufi zenyewe. USIITIKE ina herufi 8 na ni neno gumu kulipanga. U na S ziko mwanzoni, zina mviringo. K na E ziko mwisho, zina mikono. Katikati ni I, I, T, I, na ukiziweka kwa herufi kubwa zisizo na vikanyagio, ile mistari midogo ya kwenye ncha, unapata boriti zilizosimamishwa uani, moja imewekewa nyingine juu. Mikono ya T inazifunika I mbili za jirani na kuacha uwazi chini yake, kwa hiyo ukipima nafasi kwa rula tu, T itaonekana imejitenga na wenzake. Shida kubwa zaidi ni I mbili zinazofuatana. Zikikaribiana na tone la rangi likaziunganisha katikati, umeandika USHTIKE. Zikigusana chini, umeandika USUTIKE. Fonti nyingi huziweka karibu mno, kwa kuwa zilitengenezwa kwa lugha ambazo ni nadra kuziona I mbili zikifuatana, ilhali sisi tunazo kila siku: *siite*, *usiingie*, *niitikie*.

Mhariri wao alipendekeza herufi ndogo, ili nukta mbili za juu ziwe macho mawili gizani. Naelewa kwa nini wazo hilo humjia kila mtu. Lakini macho ni uso, na uso ukishauonyesha umemaliza. Hadithi ya binti huyu inategemea kutouona uso hata mara moja.

Jibu lilitoka kwenye kuta zenyewe. Anayeandika onyo kwa haraka huruka herufi. Ukitembea ukiangalia utaona: neno limeandikwa pungufu, kisha mwandishi kaligundua kosa akaichomeka herufi iliyosahaulika katikati ya mbili nyingine, nyembamba, imebanwa kiunoni. Na herufi inayorukwa kwa urahisi kabisa ni ile inayofuatana na mwenzake. Nyanya angeandika USI, akaacha nafasi, akaendelea TIKE. I ya pili haikuandikwa na yeye.

Nilipomwambia mwelekezi hivyo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ami. Nani ameijaza?"

Hilo ndilo lilikuwa jina letu. Herufi 7 za rangi, na moja isiyo rangi: lipu imebanduka kwa mstari wa wima, kana kwamba kitu kimeisukuma kutoka upande wa pili wa ukuta. Anayeijua Mombasa ataiamini mara moja, maana kuta zetu hufanya hivyo kweli. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo hunyonya unyevu wenye chumvi. Unyevu ukitoka nje kupitia ukutani hukauka na kuacha chumvi, chumvi inaganda kuwa chembe, chembe zinakua nyuma ya rangi na kuisukuma hadi ipasuke na kuanguka magamba magamba. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu umeufungia unyevu ndani. Kila mama wa Mji wa Kale amefagia unga huo mweupe chini ya ukuta wake.

Tulitengeneza kipande cha ukuta chetu wenyewe, kwani nyumba waliyoazimwa kupigia picha si ya kukwaruzwa. Ubao wa plaiwudi, wavu wa kufugia kuku umepigiliwa misumari ili lipu ipate pa kushika, halafu chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba nyembamba. Ilikuwa msimu wa kusi, hewa nzito, lipu haitaki kukauka, nasi hatukuiharakisha. Maji ya tabaka la mwisho tuliyakoroga na chumvi ya mawe ili ukuta utoe unga wake wenyewe. Lipu ikiwa bado laini nilichimba ile I kwa kisu cha jikoni: upana wa vidole viwili, kina cha nusu sentimita, pengine zaidi kidogo. Sikuikata ikanyooka. Ilipokauka niligonga kingo zake kwa mpini wa patasi hadi zikavunjika zenyewe pale zilipotaka. Kisha, na hili ndilo lililobeba kila kitu, nikapaka chokaa nyeupe juu ya ukuta wote, ndani ya shimo la I pamoja na nje yake. Ukiutazama ukuta ule uso kwa uso, mwanga ukiwa mbele, huoni kitu. Ni weupe mtupu.

Kuandika nilikuwa na tatizo. Mkono wangu umefunzwa. Najua kuanza S kutoka juu na kuigeuza brashi bila kuinua, najua kuegemeza kifundo kwenye fimbo, najua kupima E kwa jicho. Mtu aliyefunzwa akijifanya hajui, huonekana. Herufi zake zinakuwa mbovu kwa mpangilio. Nikamwomba mwigizaji wa nafasi ya nyanya aandike yeye. Ni mama mtu mzima, amefundisha watoto Kurani miaka mingi, na herufi za Kizungu alijifunza ukubwani katika ngumbaru.

"Mwanangu, nikiandika mimi hayatakuwa mazuri."

"Andika tu, mama, vile ungeandika kwako ukiwa na haraka."

Nilimpa brashi ya inchi 2, kopo la rangi nyekundu ya mafuta iliyotiwa tapentaini kidogo, na sikumpigia mstari wa penseli. Nilimwekea alama ya chaki ndogo pale pa kuruka. Aliangalia ukuta, akaangalia alama.

"Na hii nafasi ni ya nani?"

Mwelekezi akamjibu, "Ya anayeita, nyanya."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi msije mkaijaza kwa mkono wangu."

Akasema bismillahi akaandika. Bado naweza kueleza kila mpigo. U ilianza kwa rangi nyingi, brashi imejaa, na mguu wake wa kushoto ukavimba juu na kutoa chozi moja lililoteremka na kusimama njiani. S aliifanya kwa mipigo miwili, wa juu na wa chini, na pale ilipokutana pana hatua ndogo, haikuungana sawasawa. I ya kwanza fupi. Akaruka nafasi. T mkono wake wa juu umeteremka kulia, kwa sababu bega lilikuwa limeanza kuchoka kuinuliwa. I ya mwisho imelala kidogo. K ilikuwa vipande vitatu visivyogusana. Kufikia E brashi ilikuwa imekauka, nywele zake zimetawanyika, na ule mkono wa chini wa E ukatoka mistari mitano sita myembamba inayopotelea kwenye chokaa. Hakuna fonti itakayokupa herufi hiyo ya mwisho. Ina uchovu wa mtu mmoja ndani yake.

Upigaji picha ulifuata kanuni moja rahisi ya mwanga, na ningependa wanafunzi wote wa filamu waijaribu kwa ukuta wowote nyumbani. Taa ikiwa kando ya lenzi, inamulika ndani ya kila shimo na kufuta vivuli; ukuta unakuwa bapa. Taa ikisogezwa ubavuni hadi inakaribia kuugusa ukuta, kila kinundu kinatupa kivuli chake na kila shimo linajaa giza. Tochi ya simu inafaa sana kwa hili kwa kuwa ni ndogo, na chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Taa kubwa yenye kitambaa mbele ingelainisha vivuli na I yetu isingepata sura.

Kwa hiyo katika filamu inakuwa hivi. Msichana anashuka ngazi, tochi imeelekezwa mbele. Mwanga unafika ukutani uso kwa uso. Tunasoma USI TIKE, nyekundu iliyochakaa juu ya nyeupe, na pengo katikati. Anapita. Anavyozidi kuteremka mkono wake unausogeza mwanga ubavuni, ukuta unaanza kuonyesha ngozi yake, na ndani ya pengo kivuli kinajaa kutoka juu kwenda chini mpaka I inasimama, nyeusi, nyembamba, ndefu kuliko wenzake. Neno limekamilika. Msichana hakuliona, ameshapita. Hakuna kilichoongezwa kwa kompyuta hapo, na ndiyo maana linatisha. Jicho la mtazamaji hujua hata pale yeye mwenyewe asipojua kwamba kivuli kile ni cha kweli.

Mtu wa sauti alitaka mshindo pale I inapotokea. Mwelekezi akakataa, akabakisha nyayo za msichana kwenye ngazi. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Kwa upande wa kamera, mambo machache yasiyosameheka. Funga mwanga wa kamera usijirekebishe wenyewe, la sivyo tochi ikihama kamera itakuongezea mwangaza na kivuli chote kitapotea. Funga na rangi ya nyeupe (kwenye kamera huitwa white balance), isijirekebishe nayo. Ukitumia taa ya umeme wa nyumbani kujazia, kumbuka stima yetu ni ya hezi 50 na taa nyingi hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde, kila fremu inachukua mapigo mawili kamili na picha haipepesi. Herufi zote ziweke ndani ya asilimia 90 ya upana wa picha, maana projekta za kumbi za vyuo hukata kingo, na E yetu iliyotawanyika ingekuwa ya kwanza kuliwa.

Muda tuliupata kwa kusoma. Neno likae hadi mtu alisome kimoyomoyo mara mbili bila haraka, ndipo mwanga uanze kuhama. Ukiwahi, pengo halijaonwa, na I ikitokea hakuna anayejua kwamba haikuwepo.

Kwenye uhariri mhariri alifanya kidogo sana, nami nilimsihi afanye kidogo zaidi. Giza la pembeni lilikuwa linakatika mistari mistari, jambo la kawaida kwa video yenye viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi: giza hutumia vichache tu kati ya hivyo, na mteremko kutoka kijivu hadi weusi unakosa ngazi za kutosha. Aliweka chengachenga nyepesi, kama punje za filamu ya zamani, juu ya picha nzima, mistari ikayeyuka. Kisha tukalijaribu jina kwenye ukumbi mchana mapazia yamefungwa nusu, kwa projekta ya chuo ambayo weusi wake ni kijivu, na kwenye simu ya bei nafuu baada ya kutumwa na kutumwa tena. Nyekundu ya mama yule, kwa kuwa ilikuwa juu ya nyeupe na mwanga wa ukuta unaibeba, ilipita kotekote.

Majina ya mwisho wa filamu yalileta ubishi mdogo. Wanafunzi walitaka nayo yaandikwe ukutani kwa mwandiko ule ule. Niliwaambia hapana. Mwandiko ule ni wa nyanya wa hadithini, na nyanya huyo hawajui mpiga picha wala mpishi aliyewapikia biriani usiku wa kazi. Majina ya watu yanataka herufi safi, tulivu, yenye ukubwa wa kusomeka na mama aliyekaa kiti cha nyuma anayemtafuta mwanawe. Tulichagua fonti ya leseni huria ya SIL, inayoruhusu kutumika hata nje ya matumizi ya binafsi, nyeupe iliyopunguzwa kidogo isije ikachoma macho baada ya giza lile lote, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Nikakaa na mwelekezi tukayapitia majina moja moja kwa sauti, kila mtu na tahajia anayoitumia mwenyewe, Fatma asiwe Fatuma, Mwanaisha asikatwe akawa Aisha. Jina la mama aliyeandika ukuta tuliliweka mara mbili, chini ya waigizaji na chini ya herufi.

Bango nalo lilitulazimisha kuchagua fremu moja, kwa kuwa karatasi haina tochi. Mwelekezi alitaka I ionekane yote. Mimi nilitaka ile ambayo kivuli kimefika nusu, juu giza na chini bado weupe. Tulichapisha zote mbili kwa ukubwa wa A3, akazibandika kwenye korido ya chuo, akakaa kando kuangalia watu wanapita. Kwenye ile kamili walisoma wakaenda. Kwenye ile ya nusu walisimama, wakarudi hatua moja, wakasogeza kichwa upande. Aliondoa ile kamili mwenyewe.